Mtoto wa Viti Ishirini na Vitatu

Mji wa kumi niliopewa kuulinganisha ulikuwa mji wangu mwenyewe, Tabora, na nilikaa kwenye kiti changu saa tatu asubuhi nikiwa nimeshaamua kuupa alama mbaya. Si kwa chuki. Nilikuwa natoka kupanda magari ya miji tisa ya watu, magoti yamenivimba kama maandazi yaliyozidishwa hamira, na mtu akirudi safari ya mbali siku za mwanzo kwao kote humuudhi.

Kiti kikasema, "Karibu, Nyanzala. Unakwenda wapi?"

"Una umri gani wewe?" nikakiuliza.

Kikahesabu kwanza. "Siku kumi na moja."

"Basi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Nizungushe mji mzima."

Kikaondoka nami pale pale. Huo ndio Mshipi: hakuna basi wala treni, kiti chenyewe ndicho gari. Unakaa kituoni, kinatambaa kwenye mfereji wake, kinakaza mwendo, halafu kinajipachika nyuma ya viti vingine vinavyopita, viwili viwili kila upande wa njia, kama wanafunzi wanaokwenda bwawani, chini ya paa moja la kioo. Mlolongo mzima hausimami asubuhi wala jioni. Ukikaribia kwako, kiti chako kinajitoa pembeni na kukushusha taratibu, na jirani yako hata kikombe chake hakimwagiki. Ipuli hadi Kanyenye dakika nne. Kwa mabasi ya zamani ilikuwa saa nzima na matusi mawili.

Mtu atauliza kizee cha darasa la saba kimeingiaje humo. Ni Sheria ya Ulinganisho. Mji hauruhusiwi kununua usafiri mpaka mtu mmoja aliyezidi miaka sabini, asiye mhandisi wala ndugu wa mhandisi, apande usafiri wa wenzetu duniani, kisha apande huo unaouzwa, na atoe alama moja tu. Themanini kwenda juu, unanunuliwa. Ikipungua, watengenezaji wanafunga mizigo yao. Walipotangaza kazi tulijitokeza mia mbili na zaidi. Tukaulizwa, usafiri mzuri ni upi? Wenzangu wakazungumzia kasi. Mimi nilifagia stesheni miaka thelathini na mmoja, nikasema mzuri ni ule ambao watu wakishuka sakafu haina matapishi. Wakacheka, wakanipa kazi. Wangejua sikuwa natania.

Tokyo watu wanajipanga juu ya mistari ya sakafuni, na ndani kimya, mpaka nikalisikia goti langu likilia peke yake. Tisini na moja. Zurich nilichelewa nusu dakika, tramu ikaniacha, na nilistahili. Themanini na nane. London ngazi zinatembea zenyewe, ukisimama upande usio wako unasikia watu wanakohoa mgongoni. Mumbai nilipandishwa na mikono ya wanawake nisiowajua, sikukanyaga chini hata mara moja, nikashushwa vivyo hivyo. Nafasi hamsini, undugu mia. Medellín tulipaa mlimani ndani ya vibanda vinavyoning'inia kwenye waya. Nilifumba macho njia nzima, kwa hiyo nilimwomba jirani anipe alama.

Daftarini mwangu nilikuwa na maswali yangu ambayo wahandisi hawaulizi. Nikisinzia, nani atanishusha kwangu? Mzigo wangu atanishikia nani? Nikipotea, nimuulize nani? Mshipi ulijibu yote matatu: kiti, kiti, kiti. Ilipofika saa nne nilikuwa nimefikia tisini na nne, na nimejikasirikia.

*

Safu ya mbele yangu alikaa mfanyabiashara wa asali kutoka Sikonge, mtu mzima wa tumbo, Kasanda jina lake, dumu la asali katikati ya miguu. Pembeni yake msichana mwenye mtoto wa miezi miwili, mfuko begani, mfuko mwingine magotini. Anatafuta nepi, haioni, mtoto anateleza. Kasanda hata hakugeuza uso. Alinyoosha mikono tu.

"Lete nimpakate."

Akampa.

Hakuna aliyeshangaa, na mimi mwenyewe sikushangaa. Ndivyo tulivyolelewa: aliye na mikono mitupu anampakata mtoto wa aliyejaza mikono, na jina mtaulizana baadaye au msiulizane kabisa. Miji tisa sikuliona jambo hilo, na wala sikuandika kwamba halipo. Nani anaandika daftarini kwamba anapumua?

Yule mama akaipata nepi, akaishika mkononi, na usingizi ukambeba hapo hapo. Kiti chake kilikuwa cha kumshusha Cheyo. Viti vya Mshipi vimefundishwa adabu, havimwamshi aliyelala. Kikajitoa pembeni polepole na kuondoka naye, nepi mkononi, mdomo wazi.

"We mama!" Kasanda akapiga kelele. "Mama! We kiti, rudi!"

Kiti kilikuwa kimeshapotea. Chake yeye ndicho kilichoitika, kwa sauti tamu ya mtangazaji wa harusi. "Hongera, Kasanda. Mtoto wako ameandikwa."

"Mtoto wangu? Yupi?"

Abiria anatambulika kwa kikuku cha mkononi. Mtoto mchanga hana kikuku, kwa hiyo kiti kinasikiliza mapigo ya mioyo. Kikisikia moyo mkubwa na moyo mdogo mahali pamoja, kinauandika mdogo kuwa wa mkubwa. Mshipi ulikuwa umeshauzwa miji kumi na moja ya mbali, na huko kote mtoto hukaa kwa mzazi wake. Hakuna aliyewahi kukipa kiti fumbo la mtu kusema "lete nimpakate".

Kwenye simu ya sikioni mwangu akaingia Holo, mhandisi wetu mkuu wa upande wa mji, anayekaa chumba cha mitambo. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano, hacheki bila sababu, na sababu hazipati mara nyingi.

"Bibi, mama yupo Cheyo anapiga mayowe. Anaitwa Milembe. Ameripoti kwamba mtoto amepotea, na mtambo unaona mtoto ni wa Kasanda. Wazazi wawili wanagombea. Kiti cha Kasanda kimefungwa, hakitatoka mpaka majaribio yaishe na watu wa ustawi wa jamii waje kusikiliza."

"Yanaisha saa ngapi?"

"Kumi na moja jioni."

Muda wa saa saba nzima. Mtoto wa miezi miwili, ananyonya tu.

"Mwandike upya, Holo."

"Siruhusiwi, wala hakuna binadamu anayeruhusiwa. Waliufunga hivyo ili wezi wa watoto wasije wakahonga mafundi. Kiti peke yake ndicho kinachoandika mzazi."

"Basi usimamishe Mshipi."

"Huo uwezo unao wewe, bibi. Mpini uko chini ya mkono wako wa kulia."

Nilikuwa nimeusahau. Mlinganishi anaweza kuusimamisha mlolongo mzima, lakini akifanya hivyo majaribio yamekufa na alama ni sifuri. Holo akaniambia na mengine bila kuulizwa: kuuwasha tena ni saa tatu, juu ya mstari kuna watu elfu thelathini na moja, na kumi na wawili kati yao ni wagonjwa wa figo wanaopelekwa kusafishwa damu.

Mtoto akaanza kulia. Kasanda akanigeukia, jasho linamtoka. "Bibi, mimi nina asali tu."

"Asali usimpe! Mtoto mdogo hivyo ni sumu kwake. Mwimbie."

"Sijui kuimba."

"Huyo hajui kusikiliza. Imba."

Akaimba. Mtoto akaongeza sauti, na mkono wangu ukaushika mpini. Naapa niliushika. Ndipo mama mmoja upande wa pili wa njia, Modesta, mpishi wa shule, akashindwa kuvumilia. "Lete huku, baba, unamtesa kwa sauti hiyo." Akamchukua, akamweka mapajani, akampigapiga mgongo.

"Hongera, Modesta," kikasema kiti chake. "Mtoto wako ameandikwa."

Na chini ya Kasanda nikasikia *klak*. Kiti chake kimefunguka, cha Modesta kimefungwa.

Nikauachia mpini.

*

"Holo," nikasema, "mrudishe yule binti kwenye kiti."

"Namrudisha. Lakini mtambo hauruhusu kiti chenye ugomvi kijipachike karibu na mwenzake. Ataungana na mlolongo mkiani, safu nyingi nyuma yenu."

"Vizuri. Huku mbele tuna mapaja ya kutosha."

Nikasimama, goti likanitukana, nikapaza sauti kama zamani nilivyowafukuza watu waliolala kwenye mabenchi ya stesheni. "Jamani! Mtoto huyu anarudi nyuma kwa mama yake, paja kwa paja. Ukimpokea hesabu mpaka kumi, usikie kiti kikikupa hongera, ndipo umpitishe. Ukimpitisha kabla, watu wawili watafungwa. Asiyejua kuhesabu mpaka kumi aseme sasa."

Wakacheka, na ndivyo nilivyotaka, maana mtu anayecheka keshakubali nusu.

Nikampokea mimi kutoka kwa Modesta. Miaka sabini na minne, mjane, na kiti kinanipa hongera ya uzazi. Nikampitisha. Akaenda kwa fundi viatu, kwa mwalimu, kwa dada wawili waliogombea nani aanze. Kila safu nasikia hesabu, na hongera, na *klak*. Katikati akakwama.

Kijana wa suti ya bluu alikuwa ameikunja mikono yake kifuani. "Bibi, shikamoo, nisamehe. Mimi naenda Isevya kupeleka barua ya posa. Mlangoni kwao wanasoma kikuku! Watakuta nina mtoto!"

"Marahaba. Watajua unazaa. Wengine hulipia vipimo ili kulithibitisha hilo."

"Bibi!"

"Mwanangu, kuna mama nyuma maziwa yanamvuja mpaka kiunoni. Wewe una hofu ya wakwe."

Watu wote wakamtazama. Akanyoosha mikono mbali na suti, kama mtu anayepokea sufuria la moto. Akahesabu mpaka saba, na kwenye saba mtoto akamkojolea. Akaendelea mpaka kumi, macho yamefumbwa. Alipopewa hongera, safu zote zikapiga makofi.

Nilimfuata mtoto kwa macho mpaka akawa kitu kidogo cheupe kinachoruka mikono. Kisha Holo akaniambia sikioni, taratibu, "Amefika. Mtambo unasema mgogoro umekwisha." Akapiga chafya, au kitu kingine kinachofanana na chafya.

*

Saa sita tulikuwa chumba cha mitambo. Milembe alikaa kwenye benchi ananyonyesha, ameegemea ukuta. Bwana Anselm, mwakilishi wa watengenezaji, alikuwa amesimama mbele ya kioo cha mtambo akikitazama kama mtu aliyekuta nyayo za matope juu ya shuka jeupe. Kijana mstaarabu. Hata hasira alikuwa nazo za kupigwa pasi.

"Wazazi ishirini na watatu," akasema. "Mtoto mmoja. Huu ni uchafu ndani ya mtambo, Bibi Nyanzala. Nipe nusu saa niufute. Na nitaweka mkanda: kiti kimoja, mzazi na mtoto wake, mkanda haufunguki mpaka washuke. Kilichotokea leo hakitatokea tena kamwe."

"Na mama aliyejaza mikono?"

"Atazoea. Miji kumi na moja imezoea. Wewe toa alama baada ya hiyo nusu saa."

Alisema hivyo kwa sababu sheria ina kifungu kingine, na ni kizuri: kilichopandwa ndicho kinachonunuliwa. Dakika mlinganishi anapobonyeza alama, mtambo unafungwa kama ulivyo, na haubadilishwi mpaka miaka mitano ipite. Nikibonyeza baada ya nusu saa, tunanunua mkanda. Nikibonyeza sasa, tunanunua mapaja.

Anselm akatoka kuagiza chai wakati fundi wake akitayarisha kazi. Holo akavuta kiti, akakaa karibu nami mpaka magoti yakagusana.

"Subiri mkanda, bibi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa stendi na mama, mizigo mingi, na mdogo wangu. Mwanamke mmoja akasema, lete nimpakate." Alisema bila kutikisika, kama anasoma ripoti. "Alikuwa na uso mzuri. Mama alimshukuru."

Mpaka leo mdogo wake hajaonekana.

Mimi ni mtu wa mzaha, na mzaha ulinitoka wote. Nikakaa nikiwaza. Mkanda ungemwokoa mdogo wake Holo. Na mkanda huo huo ungewafundisha watu wa mji huu, mwaka mmoja tu, kukaa mikono imekunjwa huku mwenzao anahangaika, maana mkono usioruhusiwa kupokea utasahau kunyooshwa. Nikamwambia, "Lakini hapa kila paja lina jina. Aliyemchukua mdogo wako hakuandikwa popote. Hapa mtambo unajua nani alimshika, saa ngapi, alishuka wapi."

"Jina la mwizi halimrudishi mtoto, bibi."

Alisema kweli.

Nikamgeukia Milembe. "Mama, mtoto ni wako. Wewe unasemaje?"

Akamhamisha mtoto ziwa la pili kwanza. "Nilipoamka Cheyo mikono mitupu, ningepewa mnyororo ningejifunga naye. Ningeumeza ufunguo." Akamfuta mtoto mdomo. "Lakini bibi, mnajua kwa nini nililala? Mume wangu yuko migodini Mpanda. Nyumbani niko na huyu, mchana na usiku, wawili tu. Tangu Ijumaa sijafumba macho. Yule baba aliponipokea, mwili wenyewe ukaamua. Ulijua kuna mtu."

"Na akija mtu mbaya?" Holo akamuuliza.

"Atakuja," Milembe akasema. "Dada, sikatai. Ila mkanda mtanifunga mimi na mtoto, halafu mtu mwema atakaa pembeni ananitazama. Huko ndiko mnakotaka kunipeleka?"

Holo akainamisha kichwa. Hakukubali, na mimi sitasema alikubali. Fundi wa Anselm alikuwa ameshaanza kufungua milango ya mtambo, taa moja ya kijani, ya pili. Ikiwaka ya tatu, kufuta kumeanza.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa. Nikaweka kidole gumba kwenye kioo na kutaja alama yangu kwa sauti.

"Themanini na moja."

Taa zote zikazimika, kisha zikawaka nyeupe. Umefungwa.

Anselm akarudi na sinia. "Umefanya nini?"

"Nimemaliza kazi, mwanangu. Mmeuza, hongereni."

"Asubuhi ulikuwa na tisini na nne! Niliona daftari lako!"

"Zilizopungua ni za kunifanya nishike ule mpini. Hiyo chai ina sukari?"

Alikaa. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba ameuza na ameshindwa kwa mpigo mmoja, na hakujua atie saini kwa mkono gani. Nikamimina chai mwenyewe. Holo nilimpa kikombe cha kwanza. Akakipokea, akakiweka chini bila kunywa, akatoka.

*

Mtambo unaowaamini wazazi unawapa na kazi zao. Wiki iliyofuata vikuku vyetu vyote vilitetema kwa pamoja: *Mtoto wako anapimwa uzito Jumanne saa mbili asubuhi.*

Kliniki ilijaa. Nesi akatoka na kadi mkononi. "Petro wa Milembe, mzazi wake yupo?"

Mikono ikanyooshwa. Wa Kasanda ukatangulia, amevaa kanzu safi kama anakwenda kwenye sherehe. Modesta alikuja na uji. Kijana wa suti alikuja na mchumba wake, ambaye alikuwa amemsamehe, au anataka kuona mwenyewe kabla ya kusamehe. Nesi akatuhesabu kwa kidole, akashusha kadi, akaingia ndani kumwita mkubwa wake. Milembe alikuwa amekaa kwenye kona, kichwa kimeegemea bega la mwalimu asiyemjua, amelala fofofo. Mtoto alikuwa ameongezeka gramu mia tatu.

Mimi sikuwa nacheka. Nilikuwa nahesabu. Tulikuwa ishirini; watatu hawakuja.

Nikatoka nje kwenye kibaraza nikamkuta Holo. Siku saba alikuwa hajapokea simu yangu. Hakunisalimia, akanipa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Majina matatu, mitaa mitatu, kwa mwandiko wake uliosimama wima.

"Wawili nimewapata," akasema. "Mmoja amelazwa, mmoja yuko safarini, nimezungumza na mkewe. Huyu wa juu hajibu. Alipanda Malolo. Niliangalia kumbukumbu, bibi. Wote mlihesabu mpaka kumi. Yeye alimshika mpaka ishirini na tisa."

"Labda alimpenda."

"Labda."

"Na labda hakuwa na mtoto, akataka kujua uzito wake."

"Labda, bibi. Unataka kukaa hapa tubahatishe?"

Nikaikunja karatasi, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Alama ilikuwa yangu, kidole kilikuwa changu, na huyu wa ishirini na tisa nilimnunua mimi pamoja na mji mzima. Akiwa mwema, nitamwomba radhi na nitakula kwake. Akiwa si mwema, anitazame usoni ajue kuna kizee kinachojua anapolala.

"Nishike mkono," nikamwambia Holo. "Ngazi hizi ni ndefu."

Akanishika, tukashuka pamoja kwenda Malolo.